Je, Kuna Kiumbe Duni?

Majaruba tunayolima sisi watu wa Mlabani yanapoanza kukauka, mwezi wa Juni hivi, juu ya tope hubaki utando wa kijani unaoteleza kama makamasi. Wenyewe tunauita uchafu. Kwa zaidi ya miaka 30 ya ualimu wangu niliuandika ubaoni, mwani huo, chini ya kichwa "Mimea Duni".

Mwaka 1983 mtoto mmoja wa darasa la sita aliniuliza, "Mwalimu, kama ni duni, mbona kila masika unarudi?" Darasa likacheka. Nami, badala ya kujibu, nilimwambia anapoteza muda wa wenzake. Hakuuliza tena mwaka ule mzima.

Sasa mjukuu wangu aliyeko chuo kikuu amenieleza jinsi wataalamu wanavyoufuga mwani, kama jirani zetu wa Taasisi ya Afya Ifakara wanavyofuga mbu ili waijue malaria. Huchukua uzi mmoja, wakausafisha, wakauotesha katika chupa yenye maji na chumvichumvi, chini ya taa, hata wakapata ukoo mzima wa asili moja. Kisha huukausha kidogo kidogo wakitazama unavyojihami. Mwaka 2018 vilisomwa vinasaba vya Chara braunii, ambao huota hata katika mashamba ya mpunga. Mwaka 2019 vikasomwa vya aina mbili za kundi la spirogira, lenye undugu wa karibu kabisa na mimea ya nchi kavu. Humo vilionekana vinasaba vya kustahimili ukavu vilivyodhaniwa kuwa mali ya mimea ya nchi kavu peke yake. Kumbe safari ya kutoka majini, yapata miaka milioni 500 iliyopita, iliandaliwa humo humo majini!

"Basi mwani ni babu wa mpunga," nikasema.

"Hapana, Babu. Ni binamu. Babu yao alikwisha kufa zamani."

Binamu wawili: mmoja alibaki majini, mwingine akahama. Duni ni yupi? Neno lile halimo ndani ya mwani. Nililiandika mimi kwa chaki. Wala sikuliandika kwa mwani tu, maana ofisini tulikuwa na mkondo wa watoto tuliouita hivyo hivyo, na yule muulizaji alikuwa humo.

Wiki iliyopita nilichota maji ya jaruba katika chupa ya jemu, nikaiweka dirishani. Yeye sasa hulima karibu nami. Kila asubuhi hunipa shikamoo yake, nami huitikia marahaba. Bado sijamwita ndani aione.