Mchanga Ndani ya Pamba: Kazi, Dhamiri na Amani ya Mkatoliki wa Simiyu

Mkatoliki wa Bariadi, mkoani Simiyu, anayetafuta amani ya kiroho mara nyingi huelekezwa kwanza kanisani: kwenye kuabudu Ekaristi, kwenye novena, kwenye mafungo ya Kwaresima, na kwenye sala za jumuiya ndogondogo, yaani vikundi vya kaya jirani ambavyo maaskofu wa Afrika Mashariki walivipa kipaumbele katika uchungaji tangu miaka ya 1970. Maelekezo hayo ni mema, lakini yanaacha sehemu kubwa ya maisha bila kuguswa, kwa kuwa mkulima wa pamba, mchunga ng'ombe, mama anayekata viazi vitamu ili avianike viwe michembe, na karani anayesimama kwenye mizani ya chama cha msingi cha ushirika, wote hao saa zao nyingi huishia kazini. Kwa amani ya kiroho hapa kunakusudiwa utulivu wa dhamiri isiyo na la kumficha Mungu. Haikusudiwi hali ya kutochoka, wala ya kutoihofia mvua inayochelewa, kwa maana uchovu na hofu hiyo vimewapata hata watakatifu waliolima.

Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012, sehemu yake kubwa ikimegwa kutoka Shinyanga, ni miongoni mwa mikoa inayoongoza nchini kwa pamba, na zao hilo humdai mkulima subira ya miezi mingi. Hupandwa mvua za Novemba na Desemba zinaposhika, hupaliliwa, hupunguzwa miche, hunyunyiziwa dawa ya wadudu, kisha huchumwa kwa mkono, huku pamba safi ikitengwa na fifi, ambayo ni pamba iliyochafuka au kuharibiwa na wadudu na yenye bei ya chini. Ununuzi kwa kawaida huanza mwezi Mei, mwezi uleule ambao siku yake ya kwanza Papa Pius XII aliiweka mwaka 1955 kuwa sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi.

Mafundisho ya Kanisa kuhusu kazi yalipata maelezo mapana katika waraka wa Papa Yohane Paulo II uitwao Laborem Exercens, uliotolewa Septemba 1981. Humo Papa alitofautisha pande mbili za kazi: upande wa kitu, yaani kinachozalishwa na zana zinazotumika, na upande wa nafsi, yaani binadamu mwenyewe anayefanya kazi na ambaye hujengeka au hubomoka kwa jinsi anavyoifanya. Upande wa pili ndio unaobeba uzito mkubwa zaidi, na kwa kipimo hicho palizi ya nusu ekari haina heshima pungufu kuliko kazi ya ofisi ya mkoa. Karne nyingi kabla yake, Mtakatifu Benedikto alikuwa ameagiza katika kanuni ya watawa wake kwamba mtunza ghala avitazame vyombo vyote vya monasteri kama vyombo vitakatifu vya altare, agizo ambalo likichukuliwa kwa uzito linaingiza ndani ya ibada jembe, plau na nira ya ng'ombe.

Mizani, basi, nayo ni chombo cha namna hiyo, na hapo ndipo jambo hili linapokuwa gumu. Viongozi na wasimamizi wa zao la pamba wamewaonya wakulima mara kwa mara waache kutia maji na mchanga katika pamba ili kuongeza uzito, na wanunuzi nao wameonywa waache kuchezea mizani. Ugomvi huo una mizizi mirefu: katika miaka ya 1950 wakulima wa Kanda ya Ziwa, wakiwa na Paul Bomani miongoni mwa viongozi wao, walijenga ushirika wao kwa sehemu kubwa kwa sababu walichoka kupunjwa na wanunuzi kwenye vipimo, na mwaka 1955 vyama vyao vikaungana katika shirikisho la Victoria. Inauma kuona kwamba wajukuu wa wakulima waliodai mizani ya haki wanaweza kuidanganya mizani ya chama chao wenyewe. Mchanga huo hautui kiwandani peke yake. Humfuata aliyeutia mpaka kwenye misa ya Jumapili, ambamo mkate hutolewa altareni ukitajwa kuwa tunda la ardhi na la kazi ya binadamu, na huko anaombwa aiunganishe na mkate huo kazi ambayo yeye mwenyewe anajua kuwa imeghushiwa.

Ni kweli kwamba zipo sala za kuitakasa siku ya kazi, kama vile sala ya asubuhi ya kumtolea Mungu shughuli zote, inayoenezwa na Utume wa Sala ulioanza Ufaransa mwaka 1844, na Malaika wa Bwana inayosaliwa saa kumi na mbili asubuhi, saa sita mchana na saa kumi na mbili jioni. Sala hizo humkumbusha mtu anamfanyia nani kazi. Kuifanya kazi mbovu iwe njema haziwezi.

Usukuma wenyewe, yaani nchi ya Wasukuma inayoujumuisha Simiyu, unao urithi unaokaribiana na mafundisho hayo ya kazi. Vijana wa kijiji, wakiwa chini ya kiongozi aitwaye nsumba ntale, walilima pamoja shamba la mwenzao, na ngoma ya bugobogobo, inayochezwa kwa majembe mikononi, ilitokana na ulimaji huo wa pamoja, ambamo wimbo uliwaweka wote katika mwendo mmoja. Kazi iliyofanywa mbele ya macho ya wenzako na kwa faida ya jirani ilikuwa tayari nusu ya njia kuelekea sadaka, na katekista anayefundisha mambo haya Bariadi angefanya vyema kuanzia hapo kabla ya kufika kwa Benedikto.

Hata hivyo, mafundisho haya yasigeuzwe kuwa njia ya kumtuliza kibarua anayepunjwa. Papa Leo XIII alifundisha mwaka 1891, katika waraka wake Rerum Novarum, kwamba ujira unaokubaliwa kwa kulazimishwa na dhiki unaweza kubaki dhuluma ingawa pande mbili zimekubaliana. Mwenye shamba anayemlipa mpalizi chini ya stahili yake, akijua kwamba nyumbani kwa mpalizi hakuna unga, ameharibu amani yake mwenyewe sawasawa na mtia mchanga.

Kwa wote hao wawili Kanisa lina sharti ambalo halihubiriwi vya kutosha, nalo ni urudishaji, yaani wajibu wa kumrudishia aliyedhulumiwa alichokipoteza au thamani yake. Maungamo katika sakramenti ya Kitubio hayaliondoi. Mwenye shamba humjua mpalizi wake na anaweza kumwendea. Mtia mchanga ana shida zaidi, kwa sababu pamba yake ilikwishachanganywa ghalani na hasara ikaangukia wanachama wote, ambao sifa ya pamba yao ilichafuka. Na kwa hali kama hiyo mapokeo ya maadili huelekeza kwamba pasipojulikana mwenye haki, kilichopatikana kwa dhuluma kiende kwa maskini. Fedha yenyewe pengine ilikwisha kwa ada ya shule na dawa, kwa hiyo muungamishi mwenye busara humpangia kiasi anachokimudu, hata kama ni debe moja la mahindi kila mavuno kwa kaya ya mjane.