Mto Ukipita Shambani Mwako, Ni wa Nani?

Jumapili tulisoma Ezekieli 34, na mstari wa 18 umekaa nami wiki nzima. Angalia vizuri: Mungu hawakemei wale kondoo wanono kwa sababu walikunywa. Anawakemea kwa sababu wakishashiba wanayavuruga maji kwa miguu, na wanaokuja nyuma wanakuta tope.

Sisi hapa Nyaramba hatuna mbuga wala hifadhi ya taifa. Tukisikia habari za misitu tunafikiria Mau, kule Mto Sondu unakoanzia, na tunajua sana kuwalaumu waliokata miti huko. Lakini Mto Gucha unaanzia hapa hapa Nyamira, kwenye vilima vya Kiabonyoru, katikati ya mashamba ya watu. Unapita Kisii, unateremka mpaka Migori kwenye maporomoko ya Gogo, ambako umeme umezalishwa tangu miaka ya 1950, halafu unaingia Ziwa Victoria. Huku juu hakuna askari wa msitu anayeulinda. Mashamba yetu yanateremka kutoka barabarani mpaka bondeni, kila boma na kipande chake, na kila kipande kinaishia majini. Kwa hivyo hifadhi yetu, kama tunayo, ni zile hatua chache za mwisho kule chini.

Na kule chini tumepanda nini? Mikaratusi. Mwaka wa 2009 marehemu John Michuki, akiwa Waziri wa Mazingira, aliagiza ing'olewe kwenye chemchemi na kando ya mito. Mpaka leo ukiteremka bondeni utaiona imesimama. Mti ule haupumziki kunywa, hata Januari wakati majani yote yamekauka.

Ukimwuliza mwenyewe atakuambia, "Si hii ni shamba yangu? Title iko kwa jina langu." Ni kweli. Lakini Mambo ya Walawi 25:23 inasema ardhi ni ya Bwana, na sisi ni wageni tu kwake. Isitoshe, hati inataja udongo na mipaka. Maji yalikuwa kwa jirani asubuhi, saa sita yako kwako, jioni yako kwa mtu usiyemjua kule Nyatike. Kitu kinachopita namna hiyo utasemaje ni chako? Wewe umepewa zamu ya kunywa, basi.

Ningeweza kukomea hapo na mngesema Amina. Lakini mahubiri ya namna hiyo ni rahisi, na mzigo wake unamwangukia mtu mmoja. Tuseme ni mama mjane mwenye robo ekari, na miti ishirini pale kisimani. Miti hiyo ndiyo karo ya shule. Kiwanda cha majani chai kinanunua kuni, na wenye nguzo za stima wanalipa vizuri zaidi. Tukimwambia akate kwa jina la Yesu, halafu sisi wengine tuteremke na mitungi kuchota maji yaliyorudi, ni nani sasa amekuwa kondoo mnono?

Kwa maoni yangu, wanaokunywa wana deni kwake. Kama boma kumi zinachota kisima kimoja, boma kumi zichange. Wengine walete miche ya miti ya kienyeji, wengine nepia au nduma za kupanda pale penye unyevu, vijana wasaidie kung'oa visiki, maana mkaratusi ukikatwa tu unachipuka tena. Na karo ya muhula ule ambao miti ingeuzwa iingie kwenye hesabu. Tunachanga kwa harusi na kwa mazishi bila kuulizana. Nimewaomba wazee wa ushirika wa nyumbani waanze na kisima kilicho karibu nao, na kabla ya kutaja miti wamwulize kwanza mwenye shamba anategemea nini.