Ukakasi Ninaoujua

Je, nahitaji ruhusa ya mtaalamu ili nifurahie mvinyo? Swali linaonekana dogo, lakini limebeba jingine: nani mwenye haki ya kuniambia ninachokihisi mdomoni mwangu?

Mwaka 1757 mwanafalsafa wa Uskoti, David Hume, aliandika insha kuhusu kipimo cha ladha. Humo anasimulia kisa alichokitoa kwa Cervantes. Ndugu wawili waliombwa waonje mvinyo wa pipa moja. Wa kwanza akausifu, ila akasema una ladha kidogo ya ngozi. Wa pili akausifu pia, ila yeye alionja chuma. Watu wakawacheka. Pipa lilipomiminwa lote, chini ukakutwa ufunguo wa zamani uliofungwa ukanda wa ngozi.

Kisa hiki kinanizuia kuudharau ujuzi. Wapo wanaoonja kuliko mimi, na wanachokionja kimo kweli. Hata hivyo, ndugu wale hawakutumia neno lolote la kitaalamu. Walisema ngozi, wakasema chuma, wakavumilia kuchekwa.

Linganisha na utafiti wa Bordeaux, Ufaransa, uliochapishwa mwaka 2001. Wanafunzi 54 waliokuwa wakisomea mvinyo walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu. Wakaueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Msamiati walikuwa nao. Macho yakausemea ulimi.

Kwangu, mwonjaji anadaiwa ukweli kwanza. Elimu inaweza kufuata. Nikinywa mvinyo mwekundu wa Dodoma, kinywa kikakauka kama nimetafuna ndizi mbichi, neno ninalo: ukakasi. Rafiki yangu akisema anasikia ukwaju, nami nasikia zambarau, hatugombani. Tunaonja tena, polepole. Lakini nikitangaza kwamba nasikia cheri nyeusi, tunda ambalo sijawahi kulila, ili tu nionekane msomi, huo ni uongo. Utasema hauumizi mtu. Unaniumiza mimi. Nikizoea kuukana ulimi wangu kwa jambo jepesi kama hili, kesho nitaukana mbele ya shairi, mbele ya wimbo, hata mbele ya dhuluma ambayo wakubwa wameipa jina zuri.

Mtaalamu akinionyesha ufunguo ulio chini ya pipa, nitamshukuru na kuonja upya. Hadi atakapofika, glasi yangu haitamsubiri.