Mtoto wa Nyumba na Mtoto wa Mgeni

Je, yamfalia mzazi kuwatia wanawe khatarini ili amwokoe mtoto wa mtu mwengine, tena wa dini nyengine? Wengi watajibu upesi kuwa haifai, kwani mtoto ni amana. Jawabu hilo si la kudharauliwa. Lakini natulipime kwa khabari ya Gavra Mandil.

Gavra alikuwa mtoto wa Kiyahudi wa Yugoslavia, na babake mpiga picha. Wajerumani walipoivamia nchi hiyo mwaka 1941, jamaa hawa walikimbia, na hatimaye wakafika Tirana, mji mkuu wa Albania. Ulaya nzima Mayahudi wapatao milioni 6 waliuawa katika miaka ile, na zaidi ya milioni moja walikuwa watoto. Babake Gavra alipata kazi katika duka la picha, na humo alikuwamo mwanafunzi wa Kiislamu wa miaka 17, Refik Veseli. (Sisi bado twabishana kama picha ni halali.) Wajerumani walipoishika Albania Septemba 1943, Refik aliwapeleka kwa wazazi wake, Vesel na Fatima, huko Kruja milimani.

Wazee wale nao walikuwa na watoto. Wageni wakubwa walifichwa katika chumba kidogo juu ya zizi. Gavra na nduguye Irena wakachanganywa na watoto wa nyumba, wakicheza nao machoni pa watu. Hivyo ndivyo walivyoishi hata Novemba 1944.

Lau askari wangaligundua, huenda leo tungaliwaita wazee wale wapumbavu. Mimi naona hukumu ya kitendo haingojei bahati. Waalbania huita besa ile ahadi ambayo mtu yu radhi kufa asiivunje. Na kama mtoto ni amana, basi yule aliyeletwa mlangoni usiku ni amana vilevile, ijapokuwa hakuzaliwa humo. Lau Vesel angaliwafukuza, wanawe wangalikua wakijua kuwa usalama wao ulinunuliwa kwa kuwatoa wenzao.

Baada ya vita Refik alikwenda Novi Sad, akakaa na akina Mandil akijifunza kazi kwa yule yule aliyemficha, mpaka walipohamia Israeli mwaka 1948. Gavra, naye sasa ni mtu mzima, ndiye aliyeiandikia Yad Vashem, nyumba ya kumbukumbu iliyoko Baitul Muqaddas. Na mwaka 1987 Vesel, Fatima na Refik wakatambuliwa humo, wa kwanza katika Waalbania.