Wajibu wa Mtu Asiyekuwapo

Watu wamezoea kupima wema na ubaya wa mtu kwa yale atendayo mbele ya macho ya wenzake. Liko swali gumu zaidi, nalo huulizwa kwa nadra: mtu aliyekwenda zake, akaacha nyuma kitu chake kisimame mahali pake, ana jukumu gani juu ya kitu hicho? Kikidhuru, ni nani aliyedhuru? Na kama hakikudhuru, je, mwenyewe yu safi? Maswali haya yaonekana kuwa ya mahakama na vyuo vikuu. Walakini hukutwa pia mahali pa starehe, penye majani mabichi, viti vya kukunja na harufu ya chai, ambako watu wameacha kazi zao makusudi wasiulizwe swali lolote.

Katika nchi ya Uingereza watu wengi hupitisha likizo ya kiangazi katika karavani, yaani nyumba ndogo ya magurudumu ikokotwayo na motokaa, au katika motokaa kubwa iliyojengwa vitanda na jiko ndani yake. Nyumba hizo ni finyu, basi wenyewe huziongezea ubavuni kipenu cha turubai, wapate mahali pa kuvulia viatu na kulia chakula. Neno kipenu lafaa hapa kuliko neno jingine, maana kila aliyekaa katika nyumba ya makuti ajua kwamba kipenu huazima ukuta wa nyumba: kina paa lake, lakini hakina uti wake wa mgongo. Vipenu vya karavani navyo ni hivyo. Vipo vinavyokunjuliwa kama jamvi kutoka katika sanduku refu lililofungwa ubavuni mwa gari, vikasimama juu ya miguu miwili. Vipo vingine vilivyo kama hema zima: ukingo wa turubai huingizwa katika mfereji ulio kwenye ubavu wa karavani, nguzo zikatiwa ndani, na kamba zikavutwa mpaka kwenye vigingi ardhini. Kile cha kwanza hukunjwa kwa dakika chache. Cha pili chahitaji watu wawili, muda na subira. Na watu hao wakiwa mke na mume, subira huhitajiwa zaidi ya muda.

Kusini-magharibi mwa nchi hiyo, katika pwani ya Cornwall, viwanja vingi vya kambi viko juu ya majabali yaelekeayo bahari ya Atlantiki, na upepo uvumao mara nyingi hutoka upande huo huo. Nguvu ya upepo haiongezeki sawasawa na mwendo wake. Mwendo ukizidi mara mbili, msukumo huzidi mara nne. Upepo wa kilomita 36 kwa saa ukiukabili ukuta wa turubai wenye mita za mraba 6, huusukuma kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa kilo 37 hivi. Ukifika kilomita 72, ambao ni upepo wa daraja la 8 katika kipimo cha Beaufort, ukuta ule ule husukumwa kwa uzito wa kilo 150. Mvua nayo ina hesabu yake. Milimita 10 za mvua juu ya paa la mita za mraba 7 ni lita 70 za maji, na turubai lililolegea likiyakusanya yote katikati, hizo ni kilo 70 zinazoning'inia juu ya mikono myembamba ya alumini. Mtu anayekitazama kipenu chake asubuhi ya utulivu, kikipepea kidogo tu kama kanga kambani, haoni hata chembe ya nguvu hizo.

Huenda msomaji akasema: dawa ni kufunga vizuri. Ni kweli kwa sehemu. Ipo mikanda ya dhoruba ipitishwayo juu ya paa la kipenu na kufungwa chini pande zote mbili. Zipo springi zitiwazo katika mikanda ili mshtuko wa upepo usikate wala kung'oa kitu kwa ghafula. Kigingi hupigwa kwa mshazari, kichwa chake kikiinama kuukimbia upande wa kipenu, ili kamba ikivutwa ikute upinzani na isikichomoe kama jino. Milango ya turubai hufungwa yote, kwa kuwa upepo uingiao ndani na kukosa njia ya kutokea huinua paa. Mguu mmoja hushushwa kuliko wenziwe, maji yapate kuteremka. Haya yote ni maarifa mema. Walakini karibu yote ni maarifa ya mtu aliyepo. Kamba iliyokazwa asubuhi hulegea baadaye, na ardhi iliyolowa huachia chuma ilichokishika. Hapo hutakiwa mtu wa kuamka, kuvaa koti, kutoka nje na kukaza tena. Kigingi hakijipigi nyundo. Tena mikanda ina kosa moja lisiloandikwa katika karatasi ya maelezo: humtia mwenyewe ujasiri. Asiyefunga kitu huenda dukani akarudi mbio. Aliyefunga mikanda miwili huenda mbali, akala chakula cha jioni huko huko.

Basi fikiri mtu wa namna hiyo. Asubuhi anga ni jeupe. Amesikia utabiri kwamba upepo utaongezeka usiku, lakini amejiambia kwamba watabiri hupenda kutia chumvi, kwamba kipenu chake kilistahimili mwaka jana, na kwamba kukikunja na kukisimamisha tena kutamharibia siku. Aondoka na jamaa zake kwenda Penzance. Je, amekosa? Na kama amekosa, amekosa saa ngapi: upepo ulipong'oa turubai usiku, au yeye alipowasha motokaa asubuhi?

Mwaka 1877 Mwingereza W. K. Clifford, mwanahesabu aliyependa pia falsafa, alichapisha insha juu ya maadili ya kuamini. Ndani yake mna mwenye merikebu aliyetaka kupeleka wahamiaji ng'ambo katika chombo kikuukuu. Shaka zilimjia, naye akazinyamazisha moja moja, mpaka akaamini kwa moyo kabisa kwamba chombo ni salama. Kilizama. Clifford hakumhukumu kwa kuzama kwa chombo. Alishikilia kwamba hata kama merikebu ingefika salama, hatia ya mtu yule isingepungua, kwa sababu hakuwa na haki ya kuamini alivyoamini. Imani yake aliipata kwa kuziziba shaka, wala hakuipata kwa kuchunguza. Mwenye kipenu ni mdogo wa mwenye merikebu. Roho za watu haziko mkononi mwake kwa wingi ule, lakini njia aliyopitia moyoni mwake ni ile ile, hatua kwa hatua.

Hapa mwenye akili atapinga. Atasema kwamba siku nyingi za kiangazi hupita bila dhoruba, na vipenu vingi huachwa wazi visimdhuru mtu. Kumlaumu mtu kwa madhara ambayo hayakutokea ni kulaumu kivuli. Tena watu wawili waliofanya jambo moja, mmoja akapata upepo na mwingine asipate, hawatazamwi kwa jicho moja ulimwenguni. Neno hili lina uzito. Mwaka 1976 Bernard Williams na Thomas Nagel walilijadili katika makala mbili zilizosomwa pamoja, nao wakaonyesha kwamba bahati huingia katika hukumu zetu za maadili hata pale tunapodai kuwa tumeifungia mlango. Lakini kuwapo kwa desturi ya kuhukumu kwa bahati si hoja ya kuitetea. Warumi wa kale, watu wasiopenda ndoto katika mambo ya sheria, waliliona jambo hili waziwazi. Katika Digesta, mkusanyo wa sheria uliotolewa na Mfalme Justinian mwaka 533, imo amri inayomkataza mtu kuweka au kutundika katika upenu wa nyumba, juu ya mahali wapitapo watu, kitu ambacho kikianguka chaweza kudhuru. Mvunjaji wa amri alitozwa dinari 10 za dhahabu, nayo adhabu haikungoja kitu kianguke. Ilitosha kwamba kiliwekwa. Kwa hakika sheria hiyo ya upenu yamfikia mwenye kipenu kana kwamba ilitungwa kwa ajili yake.

Wala hawezi mtu wa leo kusingizia ujinga kwa wepesi. Tangu mwaka 2015 idara za hali ya hewa za Uingereza na Ireland huzipa tufani kubwa majina na kutoa maonyo mapema. Mwezi wa Agosti 2020, wakati safari nyingi za ng'ambo zilipozuiwa na maradhi ya korona na watu kupumzika nchini mwao, tufani mbili, Ellen na Francis, zilifuatana katika muda wa siku chache, katikati ya likizo. Zilitangazwa kabla ya kufika. Kwa haki lakini yafaa kukiri kwamba si kila upepo huja na jina. Mvua ya radi yaweza kuleta pigo la upepo kwa dakika kumi, ikapita, na anga likacheka tena. Na aliyeshikwa na hilo baada ya kuangalia kila alichoweza kuangalia hastahili lawama ya mwenye merikebu. Hata hivyo kuna jambo ambalo Williams alilitambua vizuri: mtu asiye na kosa, ambaye kitu chake kimeumiza, hajioni wala hatazamiwi kujiona kama mtazamaji tu. Huenda akabisha hodi mlangoni kwa jirani aliyevunjiwa dirisha. Asipokwenda, watu humstaajabia.

Jirani ndiye aliyesahauliwa katika hoja hizi zote, na pengine ndiye moyo wa jambo. Kipenu kikianza kung'oka usiku, mwenyewe yuko Penzance; anayeamka ni yule aliye katika hema la pili, ambaye watoto wake wamelala hatua sita kutoka kwenye nguzo za chuma zinazoanza kupiga huku na huku. Hakuulizwa chochote. Katika mila za Waswahili kitu cha mtu hulindwa na mwingine kwa njia ya amana, na amana ina adabu zake: hukabidhiwa mkono kwa mkono, na mpokeaji ana hiari ya kukataa. Mwenye kipenu hakukabidhi kitu. Aliuangusha mzigo wake chini na kwenda zake, akitumaini, bila kujisemea wazi, kwamba wema wa watu utauokota. Hapo ndipo lilipo kosa, nalo lipo hata usiku uwe shwari. Amewafanya majirani kuwa walinzi wasio na ujira wala habari.

Ikiwa hivyo, mtu mwenye karavani iliyokodiwa mahali kwa msimu mzima, naye huja mwisho wa wiki tu, atafanyaje? Kumwambia asisimamishe kipenu kabisa ni ukali usio na faida. Na kumwambia akikunje kila Jumapili jioni ni rahisi kwa asiyekikunja yeye. Lakini anaweza kusema na mtu. Anaweza kumwendea jirani wa kudumu, au mlinzi wa uwanja, akamwomba, akamwonyesha mikanda ilipo, akamwachia namba ya simu na ruhusa ya kukata kamba ikilazimu. Maneno hayo machache hugeuza mzigo kuwa amana. Jirani akikataa, hilo nalo ni jibu, na kipenu kikunjwe.

Lipo bado swali la jirani asiyeombwa. Je, ana ruhusa ya kugusa mali ya mwenziwe? Wapo wanaolala wakisikiliza turubai likichanika, wakisema kesho wasije wakaambiwa wao ndio waliovunja. Woga huo waeleweka, lakini wanasheria wa Kirumi hawakuuacha uwe neno la mwisho. Ulpian aliitetea amri iliyohusu wanaoshughulikia mambo ya wengine pasipo kutumwa, kwa sababu ya faida kubwa wanayoipata watu wasiokuwapo. Aliyefanya hivyo alipaswa kutenda kwa uangalifu, kisha alistahili kurudishiwa gharama zake. Tena hakudaiwa kufaulu. Aliyeitia nguzo nyumba ya mwenziwe iliyotaka kuanguka aliweza kudai gharama hata kama baadaye nyumba hiyo iliteketea kwa moto. Kwa hiyo jirani aliyetoka usiku wa mvua na taa kichwani, akashusha nguzo, akalikunja turubai chini ya karavani na kulikandamiza kwa mawe, hadaiwi kitu asubuhi hata kama nguzo moja imepinda mikononi mwake. Mwenye kipenu akirudi atalikuta turubai limelowa, naye hana budi kulitandaza likauke kabla halijashika kuvu. Kisha ana nyundo ya kurudisha, vigingi viwili vya jirani vya kuchomoa na kusafisha matope, na mlango wa kubisha.