Silaha Chini ya Nguo



Baba mmoja wa misioni yetu ameniletea barua ya mwanawe anayekaa Marekani, katika jimbo la Illinois. Kijana anauliza: «Huku sheria yaruhusu mtu kuchukua bastola chini ya nguo zake. Nami narudi usiku peke yangu kutoka kazini, na ninaogopa. Je, nikiichukua, ni dhambi?» Swali hili lastahili jibu la kweli.

Tuanze na sheria, maana mkristu huiheshimu. Illinois lilikuwa jimbo la mwisho la Marekani kukubali jambo hili. Lilikubali mwaka 2013, baada ya wahakimu kusema mwaka 2012 kwamba kulikataza kabisa ni kinyume cha Katiba. Lakini ruhusa ina masharti. Mwenye kuiomba awe ametimiza miaka 21, apate mafundisho ya saa 16, na mwenendo wake uchunguzwe. Kibali chake hudumu miaka 5 tu. Hata akiwa nacho, haruhusiwi kuingia na bastola shuleni, hospitalini, wala mahakamani. Wala asiichukue akiwa amelewa. Askari akimwuliza kama ana silaha, sharti akiri. Basi serikali yenyewe inajua kwamba silaha ni mzigo, si pambo.

Na Eklezya inasemaje? Inafundisha, pamoja na Mtakatifu Tomaso wa Akwino, kwamba mtu anayeshambuliwa anaweza kuokoa uzima wake hata kwa nguvu. Lakini nguvu hiyo isipite kipimo cha lazima. Anayepita kipimo anavunja amri ya tano. Kwa hiyo chuma chenyewe si dhambi. Dhambi hutoka moyoni.

Mkumbukeni Yoabu, katika Kitabu cha pili cha Samweli. Alimwita Amasa ndugu yake, akamwuliza hali, akamshika ndevu kwa mkono wa kuume kana kwamba anataka kumbusu. Amasa hakujihadhari na upanga wa Yoabu, akafa. Kilichofichika zaidi siku ile hakikuwa upanga. Kilikuwa chuki chini ya salamu.

Mkumbukeni pia Petro bustanini. Yeye hakuwa na chuki ya siri. Alimpenda Bwana wake, usiku ulikuwa mzito, hofu ikamshika. Akachomoa upanga, akamkata Malko sikio la kuume. Yezu akamwamuru aurudishe alani, akaliponya sikio. Lakini risasi ikiisha kutoka, nani atairudisha?

Basi, kijana wetu, kibali cha serikali hakitoshi. Uiulize na dhamiri yako. Je, naichukua kwa sababu ya hatari ya kweli, au ili nijione mkubwa? Mtu akinitukana njiani, nitaweza kunyamaza na kuondoka? Nyumbani, mtoto anaweza kuifikia? Kama huwezi kujibu maswali haya mbele ya Mungu, iache. Na kama unaichukua, jua kwamba mwenye silaha ndiye anayepaswa kuwa wa kwanza kunyamaza, wa kwanza kupisha, wa kwanza kuomba msamaha. Asiye na kitu akikasirika, hupiga kelele. Wewe ukikasirika, mtu anaweza kufa.

Nasi tuliobaki huku Kongo tusimhukumu ndugu aliye mbali. Kwetu, kushika bunduki bila ruhusa ya serikali kumekatazwa. Lakini je, hakuna anayekwenda penye pombe na kisu ndani ya suruali? Yeye hakupata hata saa moja ya mafundisho.

Jumapili, wakati wa Misa, tunapeana mkono wa amani. Kila mmoja ajiulize: mkono wangu wa pili unashika nini? Watu hawauoni. Mungu anauona.

Bwana atujalie moyo usio na kitu cha kuficha. Amina.