Je, Jengo Lina Hatia?

Ukipita Shangani, Unguja, jua likikaribia kuzama, utawaona watu wamejaa kwenye roshani ya hoteli ya Africa House, vinywaji mkononi, simu zimeelekezwa baharini. Mandhari ni nzuri, hilo halina ubishi. Lakini ndani ya jengo hilo ndimo ilimokuwa English Club, klabu iliyoanzishwa mwaka 1888 kwa ajili ya Waingereza wa Zanzibar. Humo walikunywa, wakasoma magazeti ya kwao na kujiona wako nyumbani. Mzanzibari wa kawaida aliingia kama mpishi au boi. Akimaliza kazi, anatoka.

Sasa, tunapolifurahia jengo kama hilo, tunafurahia nini hasa? Kuna wanaosema jiwe ni jiwe, halina hatia. Waliojenga na waliofungiwa nje wote wameshakufa, kilichobaki ni urithi. Wengine wanasema uzuri uliosimama juu ya dharau haustahili kupakwa chokaa upya. Mimi naona pande zote mbili zinaangalia ukuta, wakati jambo lenyewe liko mlangoni.

Wahenga walisema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Klabu ya kikoloni iliipindua methali hiyo. Pale mlango ndio uliokuwa nyumba. Raha ya kuwa ndani ilitokana na kujua nani yuko nje.

Lakini tusijidanganye kwamba mipaka ni mambo ya wazungu peke yao. Ikhwani Safaa, klabu ya taarab iliyoanzishwa hapohapo Unguja mwaka 1905, ilianza kama kundi la wanaume, wakiimba kwa Kiarabu. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba katika familia maskini, hakuingilia mlango huo. Aliimba kwa Kiswahili na kundi lake mwenyewe, na mwaka 1928 sauti yake ikarekodiwa Bombay. Hata baraza zetu za mawe, tunazozisifu kwamba hazina mlango, mara nyingi ni za wanaume. Mwanamke hupita, akasalimia, akaenda zake.

Basi kuna tofauti gani? Ipo, tena kubwa. Kundi lolote lina mpaka, vinginevyo si kundi. Ukitaka kukaa na wapiga udi, jifunze udi. Sharti hilo mtu anaweza kulitimiza akijitahidi. Sharti la rangi ya ngozi hulitimizi hata ukijitahidi miaka mia. La kwanza linakuambia jifunze kwanza. La pili linakuambia wewe si mtu wa kutosha. Tena mpaka wa aina ya kwanza unaweza kusogezwa. Ikhwani Safaa leo inaimba Kiswahili, wanawake wanaimba ndani yake, na klabu ipo hai zaidi ya miaka mia moja baadaye. English Club haipo tena, limebaki jengo.

Na jengo nalo halijitunzi. Mji Mkongwe umo kwenye Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, lakini hilo halikuzuia sehemu ya Beit el-Ajaib kuporomoka Desemba 2020. Ukarabati unataka fedha, na fedha nyingi zinaletwa na wageni. Hapo ndipo ninapopata wasiwasi. Mlango wa leo haukuulizi rangi, unakuuliza bei. Kijana wa Ng'ambo anaweza kuingia, kisheria hakuna wa kumzuia, ila akiiona bei ya soda anarudi kukaa ufukweni. Mjukuu wa boi bado anaitazama roshani kutoka chini.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: jengo halina hatia, tusilibomoe. Mwenye hatia ni anayelionyesha bila kusema nani alikatazwa kuingia. Mwongozaji wa watalii akieleza habari za vigingi na madirisha, aeleze na habari za mpishi. Na anayemiliki nyumba kama hizi leo ajiulize, kabla ya kupaka rangi mpya, watoto wa mtaa wake wanaingilia wapi. Kama bado wanaingilia mlango wa nyuma, basi klabu haijafungwa, imebadilisha jina tu.